Droni Iko Kabatini, Deni Tunalo Sisi

Makamanda, leo naomba tuongelee kabati.

Ninayekaa naye chumba kimoja hosteli anasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa nne. Maabara yao ina droni moja, imefungiwa kabatini. Tangu mwaka wa kwanza hajaiona ikiruka hata siku moja. Kila muhula jibu ni lilelile: kibali bado. Wiki iliyopita walikuwa na kipindi cha vitendo. Mhadhiri akaweka picha ya droni kwenye projekta, wakaambiwa waichore. Kuchora! Na mwakani huyu tunamwita mhandisi.

Mimi mtu wa sheria, hesabu zilinikimbia kidato cha pili, lakini hata mimi alinielewesha. Rafadha nne: mbili zinazunguka huku, mbili kule, la sivyo droni nzima inazunguka kama pia. Kihisi kinapima inavyoinama, programu inaongeza kasi ya mota hii na kupunguza ya ile, mara nyingi kwa sekunde moja. Ukiipa namba kubwa mno inatetemeka hewani kama mgonjwa wa malaria. Ndogo mno, inayumba na kwenda chini. Namba hizo hazikaririwi. Unarusha, inaanguka, unabadilisha rafadha, unarusha tena. Sasa kwenye projekta itaanguka vipi?

Tuje kwenye sheria. Kurusha droni nchi hii unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na idhini ya Wizara ya Ulinzi juu yake. Kibali sikipingi. Droni karibu na uwanja wa ndege inaweza kuua watu, hilo halina ubishi. Ninachopinga ni mwanafunzi anayerusha kimashine ndani ya uzio wa chuo, mita chache juu ya nyasi, kupitishwa mlango uleule na mtu anayetaka kupiga picha kambi ya jeshi.

Na wasituletee wimbo wa usalama wa taifa. Mwaka 2016 wanafunzi wa SUZA walishiriki kurusha droni zilizopiga picha za ramani ya Unguja na Pemba. Visiwa vipo palepale. Malawi mwaka 2020 walifungua chuo cha droni Lilongwe pamoja na UNICEF. Malawi, jamani!

Sisi je? Serikali ya CCM imekopa Benki ya Dunia dola milioni 425 za mradi wa HEET, eti vyuo vitoe wahitimu wenye ujuzi. Deni hilo tutalilipa mimi na wewe. Halafu siku ya kukata utepe unaona droni imepaa juu ya jukwaa inamrekodi mheshimiwa. Hiyo kibali hakijawahi kuchelewa.

Kanuni za droni za 2018 ni za waziri, hazihitaji kusubiri muswada bungeni. Azirekebishe: chuo kipewe kibali kimoja cha mwaka kwa eneo lake lenye uzio, mhadhiri awajibike, na kurusha ndani ya ukumbi wenye wavu kusidaiwe kibali kabisa.

Rasimu ya barua kwa waziri nimeshaianza. Tawi la chuo lenye mwanafunzi aliyeambiwa "kibali bado", nileteeni kozi, muhula na tarehe. Majina yenu sihitaji, najua mnaogopa kukamatwa matokeo.