Tatuu: hatari kubwa iko kwenye sindano na kikopo cha wino

Katika miji ya Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, vijana wa kike na wa kiume wanaonekana na michoro shingoni, mikononi ao miguuni. Wazazi wengi wanaikemea kwa sababu ya adabu ao dini. Lakini swali la afya, ambalo ni zito zaidi, halizungumzwi sana.

Mashine ya tatuu inachoma ngozi mara nyingi kwa sekunde moja na kuingiza wino ndani, kwa kina cha milimita moja ao mbili hivi. Damu inatoka, hata kama ni kidogo sana. Sindano ikichovywa katika kikopo kile kile kilichotumiwa kwa mteja wa kwanza, damu yake inaweza kumfikia wa pili. Ndiyo maana kubadili sindano peke yake, bila kubadili wino, hakutoshi.

Wengi wanaogopa Sida, na wana haki. Ila virusi vya homa ya ini aina ya B vinavumilia zaidi: vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 vikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Dalili zake zinakuja kati ya mwezi mmoja na miezi 6, na wengine hawaoni dalili yoyote. Mtu akianza kuumwa, hakumbuki tena siku ile ya tatuu. Watu wazima wengi wanapona, lakini anayebaki na virusi anaweza kupata saratani ya ini na kumwambukiza bwana ao bibi yake.

Chanjo ipo. Nchini Congo, watoto wanaipata ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini waliozaliwa kabla ya mwaka 2000 hawakuipata katika utoto wao. Kwa homa ya ini aina ya C, chanjo haipo kabisa, ingawa dawa za kuiponya zipo.

Wino nao una maswali yake. Mnamo Januari 2022, Umoja wa Ulaya ulizuia ao kuwekea mipaka kemikali zaidi ya 4,000 katika wino wa tatuu, kwa kuhofia saratani na mzio. Nani anajua ndani ya chupa isiyo na jina inayouzwa sokoni kuna nini?

Inafaa pia kukumbusha kwamba chale zinazokatwa kwa wembe mmoja kwa watu wengi zina hatari ile ile. Mzazi anayekemea tatuu ya mtoto wake achunguze pia wembe huo.

Kwa anayetaka tatuu, yafaa adai mambo matatu: sindano mpya inayofunguliwa mbele yake, wino uliomiminwa kwa ajili yake peke yake, na mikono yenye glavu mpya. Kupangusa sindano na pombe ao kuipitisha kwenye moto wa kiberiti hakuifanyi kuwa salama.

Na aliyechomwa kwa sindano ya mtu mwingine asisubiri. Dawa za kuzuia Sida zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na hospitali inaweza kumpima homa ya ini. Mchoro unaweza kungoja wiki moja. Ini likiharibika halifutiki kama wino.