Ufunguo wa Maktaba



Mwezi huu twataka kunena habari za vitabu, kwa kuwa mwaka wa shule umekwisha. Katika shule ya sekondari iliyo karibu nasi, ambako twafundisha dini mara mbili kwa juma, limetendeka jambo ambalo limetufaa sisi wenyewe kuliko wanafunzi. Tusipowasimulia, tutakuwa tumewanyima haki yenu.

Mwanzo wa mwaka chumba cha maktaba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikaa ofisini katika mtoto wa meza, wala hakuna aliyeuomba. Sababu yake haikuwa ubaya wa mtu. Kitabu kikipotea, mwalimu aliyekabidhiwa alitakiwa kukilipa. Basi kila aliyekabidhiwa aliona heri vitabu vikae salama. Hata siku mlango ulipofunguliwa, tukaona makabati mawili yameingiwa na mchwa. Vitabu ambavyo watoto hawakupewa kuvisoma, mchwa walikuwa wamevisoma tangu jalada hata jalada. Hapo tukafahamu ya kuwa kufungia si kutunza.

Mwalimu aliyepewa kazi ya maktaba mwaka huu ni mama mmoja mpole, lakini akisema neno halirudi nyuma. Alianza kwa daftari, akatukumbusha ya wazee, kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kila kitabu kikaandikwa, kikabandikwa namba mgongoni kwa utaratibu ambao Melvil Dewey wa Marekani aliutoa mwaka 1876. Utaratibu huo huyagawa maarifa yote katika mafungu kumi: dini huanza 200, lugha 400, sayansi 500, historia na jiografia 900. Wanafunzi walicheka kwanza, wakisema vitabu vimepewa namba kama wafungwa. Lakini mtoto aliyekwisha kujua ya kuwa lugha ya Kiswahili huwekwa penye 496.392 aliweza kwenda rafuni peke yake, asimngoje mtu. Tena kila mmoja akaruhusiwa kuazima kitabu kwa muda wa juma moja. Vichache havikurudi, na kimoja kilirudi kimenyeshewa mvua. Mwalimu akakianika juani, akanena, "Kitabu kilicholowa mkononi mwa msomaji si hasara kama kilicholiwa kabatini."

Lakini kusoma ni kuingia mlangoni tu. Kila mwezi kila darasa lilipewa swali moja la kuchunguza, pamoja na sheria tatu. Ya kwanza, usijibu kwa kitabu kimoja. Tafuta viwili au zaidi. Ya pili, andika umesoma wapi. Ya tatu, andika kwa maneno yako mwenyewe, kwa maana anayenakili maneno ya mwenziwe na kuyaita yake ameiba, ijapokuwa hakuna aliyempigia kelele. Hata yaliyosomwa katika simu yalipimwa vivyo hivyo: nani ameyasema, ameyajuaje, na mwingine asemaje?

Katika mwezi wa Julai swali la Kidato cha Pili lilikuwa hili: Neno la Mungu liliingiaje katika Kiswahili?

Sisi tulifurahi, kwa kuwa swali hilo tumelijibu miaka mingi katika darasa la wakatekumeni. Tulisema kwamba Askofu Edward Steere wa Unguja ndiye aliyeanza kazi hiyo, tena ndiye aliyeifasiri Biblia nzima kwa mkono wake. Ndivyo tulivyosikia kwa mwalimu wetu, naye tulimpenda, wala hatukuuliza zaidi.

Jioni moja binti wa darasa lile akaja barazani petu. Akatuamkia, "Shikamoo, Mwalimu," tukamwitikia, akaketi mkekani na daftari lake. Akasema, "Mwalimu, nimesoma vitabu vitatu, navyo havipatani na somo ulilotufundisha. Naomba unisaidie."

Akatusomea. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Steere hakufika Unguja hata mwaka 1864, pamoja na Askofu Tozer, yaani miaka ishirini baadaye. Steere alifariki mwaka 1882, nayo Biblia nzima haikupigwa chapa ila katika miaka ya 1890, wengine walipokwisha kuimaliza kazi. Mwisho akaifungua Biblia ya babu yake, akasema, "Na hii tuisomayo kanisani ni tafsiri nyingine tena, ya mwaka 1952. Ilifanywa ili Wakristo wa upande wa Mombasa na wa upande wa Unguja, waliokuwa na tafsiri mbalimbali, wapate kusoma maneno mamoja."

Ndugu wasomaji, twaungama kwenu kwamba tuliona uchungu. Tulitaka kumwambia kwamba mtoto hashindani na mzee, na neno lenyewe lilikwisha kufika midomoni. Lakini tulipomtazama tuliona mikono yake inatetemeka. Hakuja kushindana. Alikuja kwa sababu sisi wenyewe tulimfundisha kuipenda kweli. Basi tukamwomba atuachie vile vitabu kwa siku tatu.

Tukasoma kwa taa, usiku baada ya usiku. Tukaona amesema sawasawa. Lakini tukaona na kosa lake. Yeye aliandika ya kuwa Krapf alifanya kazi ile peke yake. Kumbe katika ukurasa aliouruka imeandikwa kwamba kadhi wa Mombasa, Mwislamu, alimsaidia kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Tukaona tena ya kuwa katika mtambo wa kupiga chapa wa Steere kule Unguja, herufi zilipangwa na vijana wa misheni, nao miongoni mwao walikuwamo watoto waliookolewa katika utumwa. Hapo tukajua ukubwa wa kosa letu. Halikuwa kosa la miaka tu. Kwa kumpa mtu mmoja kazi yote, tuliwanyima wengi shukrani yao: Krapf, na yule kadhi, na vijana wale, na wote walioimaliza kazi Steere alipokwisha kulala. Steere mwenyewe hana haja ya sifa zisizo zake, aliyoyatenda yamtosha.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya darasa la wakatekumeni, tukasema, "Somo tulilowapa juu ya jambo hili lilikuwa na kosa, na aliyetuonyesha ni mwanafunzi." Tukawasomea sawasawa. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akatuita kando chini ya mwembe. Akasema, "Mwalimu, ukikiri kosa moja leo, kesho watoto watakuuliza mangapi?" Tukamjibu, "Mzee wetu, wakiuliza tutasoma pamoja nao." Hakuridhika siku ile. Hatumlaumu, maana hofu yake ni hofu ya wazazi wengi: kwamba mtoto akizoea kuchunguza, ataacha kuheshimu, na mwisho ataacha kuamini.

Kwa ajili ya hofu hiyo twawaomba mfungue Matendo ya Mitume, mlango wa 17. Watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, lakini waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama maneno yake ni kweli. Luka hakuwakemea, bali amewasifu. Na Luka huyo, katika mwanzo wa Injili yake, aeleza ya kuwa aliyafuatia mambo yote kwa bidii kabla ya kuyaandika. Naye Paulo alipokuwa kifungoni alimwagiza Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Ikiwa Mtume aliye karibu na kufa alitaka vitabu, je, mtoto aliye mwanzo wa maisha tumnyime? Imani ya kweli haivunjwi na swali. Kinachovunjika ni majivuno yetu, nayo yafaa yavunjike.

Basi twawaomba ninyi wenye nyumba mambo matatu. Kwanza, mpeni mtoto saa moja ya jioni na mwanga wa kutosha, na binti apewe sawasawa na kaka yake. Binti tuliyemtaja aliweza kumaliza vitabu vitatu kwa sababu mama yake alimpokea zamu ya kuteka maji jioni. Bila mama huyo sisi tungekuwa tungali tunafundisha kosa. Pili, kitabu cha shule kiwekwe mahali pa juu, mbali na moshi, mvua na watoto wadogo. Tatu, mtoto akiuliza neno msilolijua, msimfukuze wala msitunge jibu. Semeni, "Sijui, hebu tutafute." Maneno hayo hayampunguzii mzazi heshima hata kidogo.

Na ninyi walimu wenzetu, tazameni kama ufunguo wa maktaba yenu umelala katika mtoto wa meza. Kule shuleni ufunguo sasa umetundikwa ukutani, mahali kila mtoto auonapo. Daftari la kwanza la kuazimia limejaa, wameanza la pili. Siku ya kufunga shule kila mwanafunzi alipewa kitabu kimoja cha kusoma wakati wa likizo. Ikiwa mwanao amerudi na mkoba, mwulize kitabu chake ki wapi, naye akusomee ukurasa mmoja baada ya chakula.

Mungu awabariki nyumbani mwenu, awape Krismasi ya amani. Tukijaliwa, tutaonana tena mwezi ujao.