Picha Bila Majina: Tuchague Programu Gani kwa Albamu Zetu?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasongo. Shangazi yangu alinikabidhi bahasha yenye picha 23, akaniomba nimtengenezee albamu ya kompyuta ili kila mtu wa ukoo apate nakala yake: walioko Kindu, walioko Lubumbashi, na wale wa upande wa mama yake walioko Kabambare. Kazi ilionekana nyepesi. Nilichukua picha ya kwanza, bibi yetu akiwa amesimama mbele ya nyumba ya matofali, nikaipiga kwa simu, nikaiingiza katika programu moja ya kurembesha sura, nikabonyeza kitufe kimoja. Madoa yakafutika, rangi ikakolea, ngozi ikawa laini kama ya msichana wa tangazo la sabuni. Nikampelekea shangazi nikitarajia pongezi. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Uyu njo nani?"

Programu ilikuwa imezifuta chale za mashavuni mwa bibi, ikizidhania kuwa mikwaruzo ya karatasi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimekata ukingo mweupe wa chini, ambapo mtu fulani, zamani, aliandika kwa kalamu ya wino jina la kijiji na mwaka. Kwa dakika mbili tu, mimi na mashine tulikuwa tumeondoa alama zote mbili zilizomtambulisha bibi.

Tangu siku hiyo nina maoni ambayo napenda kuyaleta mbele ya wasomaji wa jarida letu. Programu nzuri ya picha kwa albamu za kwetu ni ile inayoiacha picha ya asili bila kuiharibu na kuyatunza maneno yanayoambatana nayo. Urembo uje baadaye. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni maneno, sisi wa kitivo cha lugha hatuwezi kusema kwamba linawahusu mafundi wa picha peke yao.

Tuanze na albamu yenyewe. Katika nyumba nyingi za Kasongo, albamu ya karatasi si picha tupu. Humo mna kadi ya mwaliko wa arusi, karatasi ya ratiba ya mazishi, cheti cha ubatizo, picha ndogo iliyobaki baada ya kutengeneza kitambulisho. Vyote vimebandikwa kwa gundi, na pembeni kuna maandishi. Albamu ya kidijitali ni kitu hicho hicho kikifanywa katika simu au kompyuta: vitu vinapigwa picha, vinapangwa kwenye kurasa, vinaandikiwa maelezo, kisha vinatolewa kama faili la kutuma au kuchapa.

Karatasi ina maadui wengi: mchwa, unyevu wa majira ya mvua, moshi wa jikoni. Kabambare kuna adui mwingine. Watu wa Salamabila na vijiji vya jirani wamelazimika zaidi ya mara moja kukimbia mapigano. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na simu. Sanduku la picha hubaki nyuma. Picha zikiwa ndani ya simu, na nakala ikiwa kwa ndugu mjini, zimeokoka. Kwa hiyo kuchagua programu ya albamu si mchezo wa watu wenye nafasi.

Sasa tuulize maswali manne ambayo mtu wa Kasongo au Kabambare anapaswa kuyauliza kabla ya kuchagua.

La kwanza: je, programu inafanya kazi bila intaneti na kwenye mashine ya kawaida? Wengi wetu tukisikia habari za kuhariri picha, jina linalotujia ni Photoshop ya Adobe, iliyotoka mwaka 1990. Ufundi wake sina neno nao. Lakini mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena moja kwa moja. Mtumiaji anayakodi na kulipa kila kipindi, kwa kawaida kwa kadi ya benki. Anayenunua megabaiti za siku moja moja na kuchaji simu kwa sola ya jirani hawezi kubeba kodi ya namna hiyo, ndipo anapopewa nakala ya wizi iliyojaa virusi. Canva, iliyozinduliwa Australia mwaka 2013, ni rahisi kujifunza na ina kurasa nzuri zilizokwisha kupangwa, lakini imejengwa juu ya intaneti, na kazi yako hukaa kwenye mashine zao.

La pili: je, inaiacha picha ya asili? Faili la JPEG hupoteza kidogo cha undani wake kila linapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Mara moja huoni kitu; mara ishirini utaona nyuso zimeanza kuvunjika vipande vipande. Kanuni yangu sasa ni kuwa na folda mbili, moja ya asili na nyingine ya kazi. Picha ya karatasi naipiga mbele na nyuma, pamoja na kingo zake zote, mchana kivulini ili isimetemete. Hiyo naiweka folda ya asili, wala siigusi tena. Kusafisha na kukata kunafanyika kwenye nakala.

La tatu: je, kazi yangu itafunguka hata programu ikifa? Wengi wanaikumbuka Picasa ya Google. Ilikuwa bure, nyepesi, na ilijua kukusanya picha zote za mtu mmoja kwa kutambua sura yake, ukishaandika jina lake. Mwaka 2016 Google iliacha kuiendeleza. Picha zenyewe zilibaki, lakini majina mengi yaliyoandikwa kwenye sura yalikuwa yametunzwa ndani ya hifadhi ya Picasa, nje ya mafaili ya picha. Aliyehamia programu nyingine alikuta picha zake zimekuwa za watu wasio na majina. Ndiyo maana albamu iliyokamilika ni bora itolewe kama PDF, na picha kama JPEG au PNG, fomati ambazo programu nyingi zinazifungua.

La nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: je, inanipa mahali pa kuandika maelezo, na maelezo hayo yanasafiri pamoja na picha? Programu kadhaa zinaweza kuficha maandishi ndani ya faili la picha: nani, wapi, lini. Ni jambo zuri, lakini kwetu picha husafiri kwa WhatsApp, nayo inapoituma kama picha ya kawaida huipunguza ukubwa na kuyaondoa maandishi hayo yaliyofichwa. Dawa ni mbili. Tuma picha kama hati, na pia andika maelezo mahali panapoonekana: ongeza ukanda mweupe chini ya picha uandike humo, kama alivyofanya yule mtu wa kalamu ya wino.

Nikizipima programu kwa maswali hayo, jibu langu ni hili. Kwa mwenye simu peke yake, Snapseed inatosha: ni ya bure, huhariri bila intaneti, na ina uwezo wa kusafisha doa moja moja kwa kidole, hivyo ni wewe unayeamua lipi ni doa na lipi ni chale. Kwa mwenye kompyuta, hata ya zamani, nachagua GIMP, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure, haihitaji intaneti ikishawekwa, na inafanya kazi kwa tabaka: maandishi hukaa tabaka lake na picha tabaka lake, kimoja hakikifuti kingine. Kupanga kurasa unaweza kutumia LibreOffice au Scribus, kisha ukatoa PDF. Kujifunza GIMP kunachukua siku kadhaa na kunachosha, siwezi kuficha hilo. Lakini tunavumilia mihula mizima ya fonolojia.

Programu hizi huria zina faida nyingine kwa watu wa lugha: mtu yeyote anaruhusiwa kuzitafsiri menyu zake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Waliofanya hivyo walihitaji wanaisimu sawasawa na walivyohitaji wahandisi. Kazi hiyo bado ipo, na inawasubiri watu wa aina yetu.

Sasa nakuja kwenye ubishi utakaotugawa: maelezo yaandikwe kwa lugha gani? Nilipoandika upya picha za shangazi, niliweka Kifaransa kwanza, kwa mazoea ya shule. Likatoka jina na mwaka, basi. Kisha nikajaribu Kiswahili sanifu: "Dada yangu mkubwa kabla hajaolewa." Shangazi alipoiona alinisahihisha kwa kinywa chake: "Uyu njo mukubwa wangu, wakati ile alikuwa hayaolewa bado, ule wa nyuma njo mwenye alikuwa anatushonea manguo." Mshonaji alikuwa ametoweka kwangu kabisa. Nilikuwa nimemkata kama nilivyoukata ule ukingo mweupe.

Najua kuna walimu watakaosema kwamba kuandika "njo" na "manguo" ni kuupotosha umma. Ninawaheshimu, na sijaomba mitihani iandikwe hivyo. Lakini Kasongo si mgeni katika maandishi ya Kiswahili. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Humo anasema yeye, mwenye nguvu na bunduki. Waliobebeshwa pembe zake hawakuandika. Kisha vikaja vita vya 1892 hadi 1894, ukaja utawala wa Wabelgiji na kamera zao. Picha nyingi za zama hizo ziko Tervuren, karibu na Brussels. Katika picha za kikoloni, mara nyingi maelezo hutaja kabila na mahali. Jina la aliyesimama mbele ya kamera halipo, na neno lake hata moja halipo. Tukiwaandikia wazee wetu maelezo kwa maneno ambayo wao wenyewe hawakuyasema, na kwa ufupi uleule, tutakuwa tumeufuata mtindo huo kwa hiari yetu.

Rai yangu ni kwamba maelezo yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili cha Maniema, na chini yake tafsiri ya sanifu au ya Kifaransa kwa mjukuu wa mbali anayeihitaji. Nafasi haikosekani, ukanda mweupe hauna gharama.

Wapo watakaosema kwamba picha ni furaha, na kwamba wapiga picha wa studio walirekebisha sura na kutundika pazia zilizochorwa kabla ya kompyuta kufika kwetu. Ni kweli. Bibi arusi akitaka kung'aa, ang'ae. Hiyo ni sikukuu yake, naye yuko hai wa kukubali au kukataa. Aliyekufa hana wa kumuuliza. Kwake sina ruhusa ya kufuta kitu, labda kuvu na vumbi.

Naomba basi kitivo chetu kifanye jambo moja dogo. Kila anayekwenda likizo achukue picha kumi za nyumbani kwao, kwa ridhaa ya wenyewe, azipige mbele na nyuma, na arekodi sauti ya mzee anayezieleza. Akirudi, tuziandikie maelezo pamoja darasani. Wa fonetiki watapata sauti, wa sarufi watapata "njo" na "mwenye," wa fasihi watapata visa. Familia zitapata albamu.

Picha ya bibi nimeirudia. Chale ziko mahali pake, na ukingo mweupe upo na wino wake. Zimebaki 22, na katika tisa kati ya hizo shangazi anasema kuna sura ambazo ni kaka yake wa Kabambare peke yake anayezijua. Ni mzee sana. Likizo ijayo nitapanda pikipiki niende kumwona kabla ya yote.