Vituo Vingi, Kanuni Moja

Katika miaka ya 2000, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, ikishirikiana na chuo cha KTH cha Sweden na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ilijenga mtandao wa intaneti vijijini mkoani Mara, katika wilaya za Bunda na Serengeti. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba intaneti yaweza kufika mbali na miji mikubwa. Swali zito zaidi ni hili: nani autunze mtandao baada ya mafundi kuondoka?

Tuchukue mfano wa shule 5 za Tarime na Serengeti, kila moja ikiwa na vituo 4 vya kurushia intaneti bila waya. Jumla ni vituo 20. Kila kituo huhitaji jina la mtandao, neno la siri, chaneli na kadiri ya nguvu ya mawimbi. Vikipangwa kimoja kimoja, neno la siri likivuja hapana budi libadilishwe mara 20. Kikisahauliwa kituo kimoja tu, mlango umeachwa wazi.

Dawa yake ni kuviweka vituo katika makundi. Kanuni za kundi huandikwa mara moja katika kidhibiti, nacho huzipeleka kwa kila kituo, kama vile ratiba ya shule iandikwavyo mara moja na mikondo yote ikaifuata. Utaratibu wa kimataifa wa mawasiliano ya namna hiyo, uitwao CAPWAP, ulitolewa mwaka 2009.

Hata hivyo, si kila jambo ni la kushirikiwa. Katika masafa ya gigahezi 2.4, aghalabu hutumiwa chaneli 3 zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Vituo jirani vikipewa chaneli moja, vitangojana na kazi itazorota. Basi jina na neno la siri viwe vya kundi. Chaneli na nguvu vifuate mahali.

Kadhalika, mawimbi ya kuunganisha shule na shule huhitaji njia isiyozibwa, ilhali Tarime ina milima mingi. Kidhibiti kisipofikika, vituo havina budi kuendelea na kazi kwa kanuni vilizozipokea mwisho. Tena, kosa moja katika kundi huwa kosa la wote. Kwa hiyo kila badiliko lijaribiwe kwanza katika shule moja, na nakala ya kanuni za awali ihifadhiwe.

Kwa maoni yangu, kila wilaya iwe na kundi lake, fundi wake, na walimu waliofunzwa kulisimamia. Funguo zikikaa Dar es Salaam peke yake, mwanafunzi wa Mugumu atakosa somo kwa hitilafu ambayo mwalimu wake angeweza kuiondoa kabla ya kengele ya kipindi kinachofuata.