Simu ya mchimbaji ni sanduku ya jamaa

Zamani, mchimbaji wa Manguredjipa akipata kitu, pesa ilifungwa ndani ya kitambaa, ikapewa ndugu mwenye anapanda pikipiki kuja Butembo. Njia ile tunaijua wote, na tunajua pia kuna wenye hawakufika. Leo pesa inapita kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mama anaitoa kwenye kabine ya Kimemi ao ya Bulengera, analipa minervali ya watoto, ananunua unga. Hakuna mtu mwenye anataka kurudi kwenye kitambaa.

Lakini kitambaa kile tulikuwa tunakilinda. Mtu alikilalia usiku. Hakukiacha kwa mtu mwenye hajui jina lake. Simu, yenye inabeba pesa kuliko kitambaa chochote, tunaiacha popote. Hiyo njo habari yetu ya leo.

Angalieni kule kwenye mashimo. Umeme hauko. Mchimbaji anapeleka simu kwa mwenye panneau ya jua ili itiwe chaji, anapewa kikaratasi chenye namba, anashuka ndani ya shimo tangu asubuhi mupaka jioni. Simu inabaki pale pamoja na zingine, inawaka, karte SIM iko ndani, na kode yake ni 1234 ao mwaka wa kuzaliwa. Hatusemi mwenye panneau ni mwizi. Tunasema watu wengi wanapita mbele ya ile meza, na mmoja akitaka kuchukua karte SIM yako, dakika mbili zinamtosha. Ataitia ndani ya simu yake, ataomba WhatsApp, kode ya tarakimu 6 itafika kwake kwa mesaji, na jioni bibi yako atasoma: « Niko hospitali, nitumie pesa haraka. » Ataona ni jina lako, ni namba yako. Atatuma.

Dawa haigombezi mtu. Zima simu mbele ya kuitia chaji. Toa karte SIM, ifunge ndani ya plastiki, uiache kwa mtu yenye unaamini, ao ushuke nayo. Tena weka kode kwenye karte SIM yenyewe: iko ndani ya Paramètres, upande wa Sécurité. Hapo hata akiitia ndani ya simu ingine, itamuomba kode. Lakini kuwa mwangalifu: ukikosea mara 3, inajifunga, na utahitaji kode PUK ya tarakimu 8 yenye iliandikwa kwenye plastiki ya karte ulipoinunua. Ile plastiki haitupwe. Kwa WhatsApp, fungua Paramètres, kisha Compte, kisha Vérification en deux étapes, uweke namba yako ya siri. Haiombi hata franka moja.

Sasa tuje kwa fundi. Kioo kimepasuka, matope imeingia ndani ya tundu ya chaji, simu imeanguka mu maji. Tunaipeleka mjini, na fundi anauliza: « Kode ni ngapi? » Sisi tunajibu, mbele ya watu wote. Fundi mwenye anabadilisha kioo anahitaji kujua kama kioo kinawaka na kama kinasikia kidole. Hiyo unaweza kumfungulia wewe mwenyewe, ukiwa pale umesimama. Mtandao anaweza kuujaribu na karte SIM yake. Kama kazi inaomba simu ilale kwake, toa karte SIM, toa na ile karte ndogo ya picha, uandike namba IMEI mbele ya kuondoka.

Ile IMEI munaikumbuka. Mwaka 2020 serikali ilileta RAM, na pesa ikaanza kukatwa kwenye vitengo vyetu: mupaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G. Walituambia ni kwa kupiganisha simu za wizi. Watu walilalamika Kongo nzima, na mwaka 2022 ile kodi iliondolewa. Kodi imekwenda, lakini namba imebaki. Piga *#06#, utaona tarakimu 15. Ziandike kwenye kitabu nyumbani. Siku simu itapotea, ile namba njo itaonyesha kwamba simu fulani ni yako. Siku fundi atakurudishia simu, piga tena, uone kama ni ile ile.

Kuna kitu ingine yenye wengi hawajui. Ulipoinunua simu, nani alifungua compte Google? Mara nyingi ni muuzaji. Aliandika jina lako, akatia neno la siri lake yeye, akakurudishia simu. Mwenye kuwa na lile neno anaweza kuangalia kule simu iko, na kama picha zinajiweka kwenye compte, anaweza kuziona. Mchimbaji mwenye anapiga picha ya zahabu juu ya mizani afikirie hiyo. Omba kijana wenu mwenye anasoma abadilishe lile neno leo. Kama muuzaji aliweka namba yake ya simu ndani ya compte, iondolewe, iwekwe yako.

Kwa maji, neno moja. Simu ikianguka mu maji, izime, usiitie chaji, ifute, uiache mahali pakavu penye upepo siku moja ao mbili. Mchele hausaidie kitu. Vumbi yake inaingia mu tundu. Na batri yenye imevimba isitobolewe na msumari. Inaweza kuwaka moto mikononi mwako.

Tumesema juu ya siri. Sasa tuseme juu ya kile kinatuuma zaidi. Wachimbaji wengi wanatumia karte SIM zenye ziliandikwa kwa jina la mtu mwingine. Waliinunua njiani, tayari imefunguliwa, ju ya haraka. Kazi inaenda, pesa inaingia, hakuna shida. Siku shimo linaanguka, shida inaanza. Mjane anajua bwana wake alikuwa na pesa ndani ya simu. Kode haijui. Anaenda kwa shirika la simu na hati ya kifo, na wanamuonyesha jina la mtu mwenye hajawahi kuona. Hapo atasema nini? Pesa ya jasho la bwana wake iko, lakini mbele ya sheria ni ya mwingine.

Kwa hiyo ndugu wachimbaji, siri haimaanishe kumficha bibi. Kode ya pesa usimpe mtu, hata PDG wa shimo, hata mwenye kabine, hata mtu mwenye anapiga simu akisema anatoka ku shirika. Shirika halina haja ya kode yako. Lakini nyumbani wajue mambo matatu: una pesa kwenye mtandao gani, namba ni ipi, na karte ya uchaguzi yenye uliandikishia ile namba iko wapi. Kama jina kwenye karte SIM si lako, nenda ukaandikishe ingine kwa jina lako, herufi kwa herufi sawa na kitambulisho, kisha uhamishe pesa.

Sisi wa sendika tuna maombi. Kwa mafundi wa simu: mtoe karatasi yenye tarehe, IMEI na kazi yenye mtafanya, na msiulize kode mbele ya watu. Fundi mwenye atafanya hivyo tutamtumia wateja. Kwa koperative: siku ya kuandikisha wachimbaji, msaidieni kila mmoja kuangalia kama karte SIM ni ya jina lake. Kwa serikali: Kode ya numeriki ya tarehe 13/03/2023 inasema habari za mtu zinalindwa. Ifasiriwe mu Kiswahili, isomwe ku radio, ifike kwenye mashimo. Sheria yenye haifike kule haimlinde mchimbaji.

Tantale ya koltani na zahabu zenye ziko ndani ya simu zinatoka mu mashimo sawa na yetu. Na hakuna mchimbaji mwenye akili anashuka mbele ya kuangalia kama miti ya shimo inashika. Hatumwite mwoga. Tunamwita mzee wa kazi.

Jumapili hii, baada ya misa ao ibada, jamaa likae pamoja, simu zote juu ya meza. Muangalie majina ya karte SIM, muandike IMEI, mubadilishe zile 1234. Saa moja inatosha.