Kabla hujauliza intaneti, muulize dani

Kila Desemba, kwenye makundi ya WhatsApp ya familia za Homa Bay na Migori, kuna swali linalotoka mbali. Binamu aliyezaliwa Toronto au Calgary anaandika: jamani, babake babu yetu aliitwa nani, na alitoka wapi? Kundi zima kimya. Mwishowe mtu anajibu, "Ngoja nimpigie dani." Mara nyingi huyo nyanya ndiye peke yake aliyebaki anayejua.

Binamu hajakosea kuuliza. Ameona wenzake shuleni wakiandika jina la ukoo kwenye tovuti na kupata mababu wa karne nzima. Canada wana orodha za abiria wa meli, vitabu vya makanisa na sensa zenye majina. Sensa yao ya 1931 ilifunguliwa kwa umma Juni 2023, baada ya kufungiwa miaka 92, na mtu anaisoma bure akiwa kitandani.

Kwetu njia hiyo inakwama mapema. Jina la mwisho la Mluo kwa kawaida ni la babake, si la ukoo. Okoth mwana wa Ouma akimzaa Atieno, binti anaandikwa Atieno Okoth, na Ouma ametoweka kwenye karatasi. Tena Otieno ni yeyote aliyezaliwa usiku. Hebu mtafute Otieno mmoja kwenye Google uone! Kinachomtambulisha mtu ni mfululizo wa majina ya mababa, boma lake na ukoo wake, na hayo yamo vichwani mwa wazee.

Kwa hivyo weka simu irekodi. Usimuulize mzee babake alizaliwa mwaka gani, utamtesa bure. Muulize kama alikuwa ameoa Ziwa Victoria lilipofurika kwa mvua za 1961 na 1962, au kama kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Uliza kuhusu wake pia: wa kwanza alitoka kwa nani, nani alirithiwa, watoto wa nani walilelewa wapi. Wazee wetu hupenda kutaja wanaume tu, na hapo nusu ya familia inapotea.

Ukishamaliza, omba kuona sanduku la bati. Katika kitabu chake cha 1995, Barack Obama anasimulia alivyoonyeshwa kijitabu cha kazi cha babu yake, Hussein Onyango, aliyetoka Kendu Bay kabla ya kuhamia Siaya. Kilitolewa chini ya sheria ya 1928 ya kusajili watumishi wa nyumbani, na ndani yake waajiri wazungu waliandika maoni yao juu yake. Huenda chenu kipo, kinasubiri mchwa.

Makanisa nayo yana mengi. Waadventista walianza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906 chini ya Arthur Carscallen, ambaye (binamu, sikia hii) alikuwa Mkanada. Wakatoliki wana misheni ya zamani ya Asumbi. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki huandika wazazi na msimamizi wa ubatizo, mambo ambayo kitambulisho hakikupi. Nenda kwa heshima, na barua mkononi.

Nairobi, pale Archives ambapo watu hupangia miadi bila kuingia ndani, kuna faili za wilaya. Usitafute Homa Bay wala Migori. Tafuta South Kavirondo, kisha South Nyanza. Utakutana zaidi na machifu na koo kuliko watu wa kawaida, ndiyo maana lazima uwe umeongea na dani kwanza. Soma pia kitabu cha Bethwell Ogot cha 1967 kuhusu Waluo wa Kusini, na kile cha 1938 cha Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, kuhusu mila za Waluo. Mkuria wa Migori ana kazi ya ziada: mpaka wa wakoloni uliwagawa ndugu zake, na faili za enzi ya Wajerumani ziko Dar es Salaam.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watu wasio na kazi. Waulize waliofiwa na baba, kisha wakagundua hatimiliki ya shamba bado ina jina la babu, na hakuna anayeweza kumtajia chifu warithi wote. Waulize pia waliopendana chuoni, wakapanga posa, ndipo wazee wakasema nyinyi ni ndugu.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya maktaba na makavazi. Thimlich Ohinga iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2018, na tulishangilia. Sasa tunazitaka Homa Bay na Migori zikubaliane na makanisa kupiga picha vitabu vya ubatizo vya zamani, na zilete nakala za faili za South Kavirondo karibu na wenyewe. Kwa nini mwanafunzi wa Rongo alipe nauli hadi Nairobi kusoma habari za kijiji chake?

Na wewe binamu wa Toronto, usingoje Desemba. Mtumie anayekaa na dani pesa za bando leo, na umwambie aanze na jina la mamake dani.