Jina la mti likifa, maarifa huzikwa nalo

Aghalabu tuzungumziapo dawa za kupambana na wadudu waharibifu wa misitu, fikra zetu hukimbilia chupa za dukani. Ni wachache wanaotambua kwamba mti wenyewe una silaha. Ipo mimea isiyomuua mdudu bali humkinaisha: huvuruga viungo vyake vya kuonjea, naye akashinda na njaa juu ya jani bichi.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana papa hapa nchini. Katika miaka ya 1970, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, alichokiasisi Profesa Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970, kilishirikiana na wanakemia wa Kijapani, Koji Nakanishi na Isao Kubo, kulichunguza gome la muziga, mti ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi. Gome hilo lilikutwa na viambata vinavyowafanya viwavijeshi wasusie chakula. Kimojawapo kikaitwa muzigadiali. Jina la mti wa kwetu likaingia katika vitabu vya kemia duniani.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Wenyeji waliujua ukali wa gome hilo, uwashao kama pilipili, kabla ya maabara kujengwa. Mtafiti afikapo kijijini huanza kwa kuuliza: mti huu unaitwaje, na hutumiwaje? Pasipo jina, hana pa kuanzia.

Je, Kisii na Nyamira kuna hali gani? Ardhi imegawanywa vipande vidogo, na miti ya asili imeupisha mkaratusi. Mwaka 2002 mgeni huyo alifuatwa na mgeni mwenzake: nyigu mdogo atiaye vinundu katika majani ya mikaratusi alionekana magharibi mwa Kenya. Sidai kwamba gome la muziga lingemzuia. Nasema tu kwamba ang'oaye miti asiyoichunguza hufunga mlango asioujua unakoelekea.

Mtoto wa Nyamira huijua chinsaga kwa kuwa huila. Na watafiti walichapisha mwaka 1992 kwamba kupe huikwepa mboga hiyo. Lakini ni miti mingapi ya kilima cha Manga awezayo kuitaja kwa Ekegusii?

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuyasajili. Kaunti hizi mbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kisii, ziyakusanye majina na matumizi ya mimea kutoka kwa wazee, kwa idhini yao, ili faida ikipatikana isiwapite. Vilevile miche ya asili ioteshwe, maana mti uliobanduliwa gome pande zote hufa.

Wahenga walinena: mwacha mila ni mtumwa. Tusingoje wageni waje kutuuzia, kwa jina jipya, kilichokuwa nyuma ya nyumba zetu.